Katuni ya The Incredibles msiikate pale mke na mume wanapogombana

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi kwenye gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu kwamba katuni za mashujaa zote zinafundisha watoto ngumi na mzazi mwenye akili azizime tu, akaitaja The Incredibles kwa jina kama mfano wa ubaya huo. Nimemwelewa, ni mzazi anawaogopea wanawe, na hata mi zipo katuni ambazo sitaki zipigwe mbele ya wajukuu zangu, lakini kwa hiyo moja aliyoitaja hapana, hapo hajaitendea haki kabisa, na nahisi alichokiona yeye sio muvi yenyewe bali ile iliyokatwakatwa inayozunguka huku mitaani, nitafika huko.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Nashona sare za shule, madera, kanzu za watoto, na msimu wa harusi ndo kabisa cherehani haipoi. Barazani kwangu nimeweka tivii, watoto wa mtaa wakitoka madrasa wanakaa hapo mpaka wenyewe waje kuwachukua, na wamama wanaokuja kupimwa nao wanakaa, kwa hiyo kinachopigwa pale kinaonwa na watu wa rika zote, mtoto mdogo na bibi yake jamvi moja. Na hapo ndo nilipoiona ajabu ya hii muvi. Katuni nyingi wakubwa wanazipa mgongo wanaendelea na stori zao, na tamthilia za wakubwa zikianza watoto wanatoka kwenda kucheza barabarani. Hii ikiwekwa hakuna anayenyanyuka. Watoto wanasubiri yule kijana akimbie juu ya maji, wamama wanasubiri pale mke anapomngoja mumewe usiku wa manane, na kila mtu anaona muvi ni yake.

Kwa asiyeijua niseme kifupi. Imetoka Marekani mwaka 2004, kampuni ya Pixar, aliyeiandika na kuiongoza ni Brad Bird, ina dakika 115, na mwaka 2005 ikachukua tuzo mbili za Oscar, ya filamu bora ndefu ya katuni na ya uhariri wa sauti. Hadithi ni ya mume na mke, Bob na Helen, zamani walikuwa mashujaa wa kuokoa watu mjini kwao, halafu watu wakaanza kuwashtaki mahakamani, mara mtu aliyeokolewa wakati anajirusha ghorofani ajiue anasema sikuomba kuokolewa, mara abiria wa treni wanadai wameumizwa, serikali ikachoka kulipa fidia ikawapiga marufuku wote, wafiche nguvu zao waishi kama raia wa kawaida. Tunakuja kuwakuta miaka 15 baadae, Bob kanenepa, anafanya kazi ofisi ya bima, kabanwa kwenye kijichumba ambacho hata kugeuka taabu, na nyumbani kuna watoto watatu, binti Violet, kijana Dash na kitoto kichanga Jack-Jack.

Sasa msomaji mwenzangu ukiziona zile nguvu unadhani ni za kupigania tu. Hebu ziangalie vizuri. Baba kapewa nguvu za mwili kwa sababu kila nyumba inamtaka baba abebe, abebe na asilalamike. Mama anavutika kama lastiki, mkono mmoja unalisha mtoto, mwingine umewatenganisha wawili wanaopigana, na mama gani hapa Tanga hajavutwa hivo tangu alfajiri mpaka anapoweka kichwa kwenye mto. Binti anaweza kutoweka asionekane, na mwenye binti wa umri ule anajua, ukiingia chumbani yupo ila hayupo, nywele kaziachia usoni, ukimuuliza neno anajibu nusu. Kijana wa miaka kumi kapewa mbio kwa sababu umri ule hatulii hata ukimfunga kamba. Na kichanga hakijulikani kina nguvu gani, kwa kuwa mtoto mchanga hujui atakuwa nani. Hayo sijayabuni, Brad Bird mwenyewe alishaeleza kwamba ndivyo alivyozipanga, na kwamba wazo lilitoka kwenye maisha yake, kazi inamvuta huku familia inamvuta kule. Kwa hiyo kabla hajatokea adui hata mmoja, nguvu zile zishasema habari za nyumba nzima.

Angalia ile ya chakula cha usiku. Dash kaitwa kwa mwalimu mkuu kwa sababu aliweka pini kwenye kiti cha mwalimu, na kwa mbio alizonazo hata kamera ya video iliyofichwa haikumnasa. Mama anataka baba akaripie. Baba badala ya kukaripia anauliza ulikimbia kasi gani, jicho linamcheka, na mama anamuona. Pale pale hakuna ngumi wala roketi, kuna mke na mume hawajakubaliana namna ya kulea mtoto na mtoto keshajua upande upi una mwanya. Baba akili yake haipo mezani, anakata nyama anakata na sahani. Watoto wanaanza kushikana, mama anavutika kuwaamua, baba anainua meza nzima na watu wakiwa wamening'inia, na katikati ya vurugu hiyo kengele ya mlango inalia. Basi kila mtu kitini kwake, kimya, mikono mezani, utadhani ndo wanaomba dua. Barazani kwangu pale kicheko kinatoka kwa wakubwa kabla ya watoto, kwa sababu nani hajaishi kwenye nyumba ambayo mnagombana mpaka sauti inakauka, ikipigwa hodi tu kila mtu anatabasamu, karibuni karibuni, na chai inawekwa jikoni.

Halafu ile ya usiku. Bob kamdanganya mkewe anaenda kucheza na rafiki yake, kumbe wanakaa kwenye gari wanasikiliza redio ya polisi wapate mtu wa kumuokoa. Wakaingia kwenye jengo linaungua wakatoa watu. Anarudi ananyata, mke yupo kwenye kiti gizani anamsubiri, na vumbi la jengo liko begani mwa mume. Wanagombana, na ugomvi wao ni wa kweli, Mhariri, sio ule wa kwenye katuni mtu anapigwa sufuria kichwani. Mume anaona dunia imemnyang'anya kitu pekee alichokuwa anakiweza. Mke anaona washahama sana, washaanza upya sana, na kila mume akiteleza ni yeye na watoto wanaobeba mizigo kwenda mji mwingine. Wote wana haki. Watoto wamejificha wanasikia. Siku moja ilipofika hapo nlikuwa nampima mteja gauni la harusi ya mdogo wake, futi kamba iko kifuani kwake, mikono kainyanyua, akaniambia fundi ngoja kwanza, tukabaki vile vile mpaka walipomaliza kugombana. Hakusema kwa nini na mi sikumuuliza.

Huyo Bob kazini kwake nako kuna jambo. Anakuja bibi mtu mzima, bima imekataa kumlipa, Bob kakatazwa kusaidia wateja, basi anamwambia kwa sauti ya juu pole sina la kufanya, huku kwa sauti ya chini anamtajia fomu ipi ajaze na aipeleke ghorofa ya ngapi, na anamwambia ajifanye anatoka analia ili bosi asishtuke. Aliyewahi kupigwa danadana dirishani kwa karatasi moja akijua kuna mtu mule ndani anaweza kumsaidia anaielewa hiyo bila kutafsiriwa. Ushujaa wa Bob mi naupenda zaidi pale kuliko anapopambana na roboti la adui.

Sasa niruhusu kidogo niseme la ufundi wangu, maana humo kuna fundi mwenzetu. Anaitwa Edna Mode, mfupi, miwani mikubwa, ulimi wa kukata, na sauti yake kaiweka Brad Bird mwenyewe. Watu wanamcheka kwa maneno yake ila mi naangalia kazi yake. Mwili wa nani anaushonea, ndo swali lake la kwanza. Nguo ya Dash inahimili msuguano wa mbio bila kupata joto wala kuchanika, ya Helen inavutika naye na kurudi ilivyokuwa, ya Violet inatoweka akitoweka, maana bila hivyo ingebaki nguo inatembea peke yake. Na ya kichanga, hakujua mtoto ana nguvu gani, basi akaikata pana kidogo mtoto acheze, kitambaa laini kwa ngozi ya mtoto, halafu akaipa kuhimili moto na risasi, na bado inafulika. Mi nikishona sare ya darasa la kwanza naacha pindo refu na ubavuni naacha kitambaa cha kuja kuachilia, mtoto atarefuka na sijui atakuwa mnene au mwembamba. Sijaona katuni nyingine iliyomheshimu fundi kiasi hicho. Na mwisho wa muvi kichanga kinakuja kuwaka moto kweli.

Kuna na lile la mshono. Helen alishaanza kushuku kuna mwanamke, kaona unywele mrefu mweupe kwenye koti la mume, kasikia simu za siri. Halafu siku hiyo anafanya usafi kwenye chumba cha kumbukumbu za mume, anaitazama ile nguo ya zamani ya kishujaa, anaona pale ilipochanika pameshonwa. Mshono ndo uliomfichua Bob. Kwa sababu nguo ile fundi wake ni mmoja tu duniani, kama imeshonwa maana yake imepelekwa kwake, na kama imepelekwa kwake maana yake imevaliwa ikachanika vitani. Mi nikilala nikiamka mshono wangu naujua, hata uwe kwenye nguo ya mtu stendi, kwa hiyo pale sikuhitaji mtu wa kunielezea. Ndipo Helen akampigia Edna simu, akaenda, akalia, na Edna hakumbembeleza sana, alimkumbusha yeye ni nani na akamwambia aende akamfuate mumewe.

Sasa kuhusu ngumi. Kweli zipo, na watu wanakufa humo, sikatai, Marekani kwenyewe ilikuwa ya kwanza ya Pixar kuwekewa alama ya kwamba mzazi awepo karibu. Lakini sikiliza mama anachowaambia watoto wake kwenye pango pale kisiwani walikomfuata baba. Anawaambia hawa wabaya sio kama wale mnaowaona kwenye vipindi vya Jumamosi asubuhi, hawa hawatawaonea huruma kwa sababu nyie watoto, wakipata nafasi watawaua. Katuni inamwambia mtoto kwamba katuni zimemdanganya. Kabla ya hapo ndege yao imepigwa kombora, mama alimwambia Violet azungushe ngao yake ndege nzima, binti kajaribu kashindwa, mama akawakumbatia kwa mwili wake wote ndege ikalipuka juu yao. Na kule pangoni badala ya kumlaumu, mama anamwomba binti radhi, anamwambia haikuwa haki nikubebeshe vile ghafla wakati siku zote nakwambia ufiche. Mzazi anamwomba mtoto radhi. Kwetu hilo ni gumu, wengi tumelelewa na wazazi waliotupenda sana na neno hilo hawakuwahi kulitamka, na mi nataka wajukuu zangu walione likitamkwa.

Na adui wao alianza vipi? Alikuwa mtoto, Buddy, anampenda Bob kupita kiasi, katengeneza viatu vyake vya kurukia, akaja aombe amsaidie, Bob akamfukuza, mimi nafanya kazi peke yangu, nenda nyumbani. Yule mtoto akakua na lile donge likakua naye, akajiita Syndrome, akawa anawaua mashujaa mmoja mmoja kwa roboti zake. Muvi haimtetei, aliua kaua. Ila haimwachi Bob naye atoke mweupe. Mi nina vijana wanakuja kuomba wajifunze cherehani, wengine wanaharibu kitambaa cha mteja na hasira inanipanda, namkumbuka yule Buddy. Simfukuzi mtu mbele ya watu.

Halafu huyo baba mwenye nguvu kuliko wote, yakifika maji ya shingo anamwambia mkewe abaki pembeni, na mke anagoma, na ndipo anakiri kwamba hawezi kumpoteza tena, kwamba yeye hana nguvu za kutosha kwa hilo. Wanaume waliokuwa wanapita njia hapo kwangu wakasimama na baiskeli zao wanaangalia dirishani, nimewaona wanavyonyamaza hapo. Hakuna filamu ya ngumi inayomfanya shujaa wake aseme hana nguvu.

Na watoto kuiga, msomaji mwenzangu kasema wanaiga. Wanaiga kweli. Watoto wetu kabla hawajaijua hiyo muvi walikuwa wanafunga kanga ya mama shingoni wanaruka nayo kutoka ukutani, ni mchezo wa siku zote. Sasa Edna anawaeleza mashujaa waliokufa kwa ajili ya joho la mgongoni, mmoja limenaswa na injini ya ndege, mwingine na lifti, mwingine limemkwamisha wakati anapaa, na yule Syndrome mwisho wake ndo huo huo, joho likavutwa na injini ya ndege yake. Mjukuu wangu wa kiume alivua kanga shingoni mwenyewe akanirudishia, bibi hii inanyonga. Nilishamkataza mi kwa mdomo mpaka nimechoka, hakusikia, kamsikia fundi wa kwenye katuni.

Naomba sasa niseme la hiyo muvi iliyokatwa. Kwanza sina ugomvi na madijei wanaotafsiri muvi, hiyo ni kazi yetu wenyewe tangu enzi za Lufufu, dijei wa zamani, na sisi ambao Kiingereza hatukufika nacho mbali bila wao tungebaki tunaangalia midomo inavyocheza. Nawashukuru kweli kweli. Lakini ile niliyoletewa mara ya kwanza kwenye flashi, aliyeitafsiri kafanya hivi: meza ya chakula kaipitisha haraka haraka, ugomvi wa usiku kauwekea muziki juu na yeye anachekesha kwamba mwanamke ana wivu huyu, pangoni kakata kabisa, kaenda moja kwa moja kwenye mapambano. Na Helen akilia kwa Edna, dijei anabana pua anaigiza sauti ya kike, watoto wanacheka mama wa watu analia. Ukiiona hiyo, kweli utasema ni muvi ya ngumi, kwa sababu kilichobaki humo ni ngumi tu, na ndo maana nasema msomaji mwenzangu simlaumu. Hiyo hata wamama pale barazani hawakuiangalia, waliendelea kuchambua mchele.

Niliyoielewa mimi ni nyingine. Kijana wa jirani anayesoma chuo alikuja nayo nzima, ya Kiingereza, akakaa mbele ya tivii akawa anatutafsiria mwenyewe kwa mdomo, taratibu, ikifika penye maneno mengi anasimamisha. Ilichukua mchana mzima mpaka adhana ya alasiri ikatukuta. Hakuongeza utani wake. Alipofika kwenye ule ugomvi alisema maneno ya mke kama mke na ya mume kama mume, na bibi mmoja pale jamvini akasema huyo mwanamke yuko sawa ila na mwanaume naye muonee huruma, na wengine wakamkatalia, ukazuka mjadala mkubwa kweli muvi imesimamishwa, watoto wanalia iendelee. Hiyo ndo nguvu ya hiyo katuni, Mhariri.

Kuna ya pili ilitoka 2018, miaka 14 baadae, iliingiza zaidi ya dola bilioni moja, humo mama anaenda kazini baba anabaki na watoto, anapigana na hesabu za Dash na kichanga kinachopotea ukutani. Hapo pa baba na watoto pazuri sana. Adui wa humo mimi hakunikaa, nlimjua mapema.

Na mtu asiniambie mambo ya nyumba ya Wazungu hayatuhusu. Mwaka 2011 TBC walionyesha tamthilia ya Kichina ya mke na mama mkwe iliyotiwa sauti za Kiswahili, na nchi nzima ikawa inazungumza, mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam mwaka 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Wachina wale tulikuwa hatujui hata wanakula nini, ila mkwe tunamjua. Ikitiwa sauti vizuri nyumba ni nyumba. Na katuni kwa Kiswahili pia inawezekana, Ubongo Kids inatengenezwa hapo hapo Dar tangu 2014, watoto wanaimba hesabu humo na sauti zimekaa mahali pake, sio mtu mmoja anasema kwa niaba ya kijiji kizima.

Basi ombi langu nalipeleka kwa vituo vya tivii na kwa hao wanaotia sauti, kupitia gazeti lako. Mtafute haki za kuionyesha hiyo muvi kihalali, muitie sauti za Kiswahili nzima, muipige likizo ya Desemba mchana wakati wazazi wengine wako nyumbani. Helen mpeni mwanamke mtu mzima, aliyelea, ajue kukaripia na kubembeleza kwenye pumzi moja. Sauti zipo, hii ndo Tanga ya vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, mji uliomsikiliza Shakila akiimba, hatujawahi kukosa mwanamke wa kusema neno likaingia. Edna mpeni bibi wa mwambao mwenye maneno yake, asiigizwe na mwanaume anayebana pua. Violet na Dash wapeni watoto wa shule, hata wakikosea kidogo. Bob mpeni mwanaume wa sauti nzito ila anayeweza kuishusha, maana kuna pale anapokiri, na pale akisema kwa kelele imeharibika. Na ule ugomvi wa usiku uachwe kama ulivyo, dakika zake zote, muziki usiwekwe juu.

Wako,
Fundi Cherehani,
Ngamiani, Tanga